Namna ya Kununua Kumbukumbu za Bendi za Roki Mnadani Bila Kuumia

Gitaa la Martin D-18E lililotengenezwa mwaka 1959 lina bei yake kwa wauza vyombo vya zamani. Lile alilolipiga Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, jijini New York tarehe 18 Novemba 1993, Nirvana waliporekodi kipindi cha MTV Unplugged, liliuzwa na nyumba ya mnada ya Julien's mwezi Juni 2020 kwa dola 6,010,000. Kilicholipiwa hapo ni uhakika: kuna video, kuna picha, kuna kasha lake la kubebea, na hakuna anayebisha. Uhakika huo ukipungua kidogo tu, bei hushuka vibaya.

Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwa ushahidi na ndogo kwa ufundi wa kupandisha dau. Dau hupandishwa kwa dakika mbili. Makosa ya gharama huwa yameshafanyika wiki kadhaa nyuma, katalogi ilipotoka na shabiki akaridhika na picha.

Soma vitenzi vya katalogi

Katalogi huandikwa na watu wanaopima kila neno, kwa kuwa neno moja linaweza kuwafikisha mahakamani. Kitu "kilichopigwa jukwaani" si sawa na "kilichomilikiwa na", na "kinachonasibishwa na" maana yake nyumba ya mnada haiko tayari kukitetea. Ukikuta "kama kile alichotumia", hicho hakikuguswa na msanii kabisa. Chukua kalamu, pigia mstari kitenzi kinachounganisha kitu na msanii, kisha ujiulize ni nani anayethibitisha kitenzi hicho.

Kwa bei, juu kabisa kuna chombo kilichotumika kwenye rekodi au onyesho linalojulikana na kuna picha zake. Chini yake kuna kilichomilikiwa na kutumika lakini bila picha. Halafu kuna vyombo vilivyopitia mkononi mwa msanii kwa muda mfupi tu. Mpiga gitaa Eddie Van Halen, kwa mfano, alipiga jukwaani magitaa kadhaa ya Charvel yenye michirizi ambayo baadaye yaliuzwa kwa mashabiki. Ni kweli yalipigwa jukwaani, lakini usiyalipie bei ya gitaa alilokaa nalo miaka. Mwisho kabisa kuna gitaa lililosainiwa tu.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza wanunuzi wapya wengi. Mtego wenyewe ni huu: lile bamba la plastiki linalokinga uso wa gitaa lisipate mikwaruzo hupelekwa peke yake kusainiwa, au hununuliwa likiwa na saini tayari, kisha hufungwa kwenye gitaa jipya la bei ya chini. Kwenye gitaa la umbo la Stratocaster kazi yote ni skrubu 11. Mnunuzi anaona gitaa lenye saini ya nyota. Alichonacho ni kipande cha plastiki chenye saini, na gitaa la mwanafunzi limefungwa chini yake. Mara nyingi saini ni ya kweli. Bei ndiyo isiyo ya kweli.

Kulinganisha picha

Kwa magitaa, ngoma na mavazi, hakuna ushahidi unaoshinda picha yenye tarehe inayolingana na kitu kilichopo mezani. Omba nyumba ya mnada ikutumie picha kubwa za mbele, nyuma, kichwa cha gitaa na kingo zote, zilizopigwa kwenye mwanga sawia. Kusanya picha za jukwaani zenye tarehe na mahali, kutoka kwa mawakala wa picha na magazeti ya wakati huo. Kisha tafuta alama zisizoweza kujirudia: mkondo wa mishipa ya mbao, kifundo, mahali rangi ilipobanduka, doa la sigara kwenye kichwa cha gitaa. Alama moja inaweza kuwa sadfa. Tatu, katika umbali uleule kutoka kwenye skrubu zilezile, ni shida kuzipinga.

Mishipa ya mbao ina nguvu kuliko mikwaruzo kwa sababu mikwaruzo inaweza kuigizwa kwa msasa na bisibisi, lakini mbao mbili hazioti sawa. Mwanamuziki wa Kanada Randy Bachman aliibiwa gitaa lake la Gretsch la rangi ya chungwa, la mwaka 1957, hotelini Toronto mwaka 1976. Miaka zaidi ya 40 baadaye shabiki mmoja alipitia video za zamani na picha za magitaa yaliyowahi kuuzwa mtandaoni, akitafuta alama ndogo nyeusi ya mbao kwenye uso wa gitaa hilo, mpaka akalikuta Tokyo. Lilirudi kwa mwenyewe tarehe 1 Julai 2022. Njia hiyohiyo ya kusoma mbao ndiyo iliyotumika kwa gitaa la Gibson J-160E la John Lennon wa Beatles, lililopotea mwishoni mwa 1963 na kuuzwa mnadani mwaka 2015 kwa dola milioni 2.41.

Kuna mambo matatu yanayoharibu zoezi hili. La kwanza ni picha zilizochapwa kinyume: magazeti ya zamani yalipindua negativu mara kwa mara, na alama ya kushoto ikaonekana kulia. Angalia vifungo vya shati au maandishi kwenye ngoma kabla ya kukata tamaa. La pili ni mpangilio wa wakati. Alama iliyoonekana mwaka 1970 lazima iwepo leo, isipokuwa kama mbao ilipigwa rangi upya. Alama mpya zinaruhusiwa kuongezeka, za zamani haziruhusiwi kutoweka. La tatu ni hamu ya mwenye kutazama. Mpe rafiki asiyejali bendi hiyo picha sita, mbili zikiwa za gitaa jingine la aina ileile, umwombe azitenganishe. Akishindwa, huna ulinganifu, una matumaini.

Ndani ya gitaa la umeme kuna ushahidi mwingine ambao wauzaji wengi husahau kuupiga picha. Omba potensiomita zipigwe picha, yaani vile vipande vya duara chini ya vitufe vya sauti. Mgongoni mwake huwa kuna namba. Chukua mfano 304-6320: 304 ni mtengenezaji, kampuni ya Stackpole, 63 ni mwaka 1963, 20 ni wiki ya ishirini. Namba ikianza na 137, mtengenezaji ni CTS. Sasa tuseme katalogi inadai gitaa lilipigwa jukwaani Machi 1963. Wiki ya ishirini iko Mei. Basi ama kipande kilibadilishwa baadaye, na risiti ya fundi iwepo, ama hilo silo gitaa lenyewe. Kumbuka lakini kwamba namba hiyo inakupa tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, haikupi tarehe ya kutengenezwa: kampuni ya magitaa ya Fender ilijaza ghala la potensiomita za 1966 na ikaendelea kuzitumia kwa miaka. Angalia pia risasi ya kulehemu. Ya kiwandani imefifia na ina vumbi la miongo. Inayong'aa imeguswa karibuni.

Baada ya chombo, geukia makaratasi. Unachotafuta ni mnyororo wa umiliki usio na kiungo kilichokatika: msanii alimpa fundi wa jukwaani, fundi alimuuzia fulani, fulani anauza leo, na kila makabidhiano yana barua, risiti au picha. Barua iliyothibitishwa na wakili huwatuliza watu kupita kiasi. Wakili anashuhudia kwamba mtu huyo ndiye aliyetia saini. Hashuhudii kwamba alichoandika ni kweli. Barua ya fundi iliyoandikwa wiki mbili kabla ya mnada, miaka 50 baada ya tukio, ina uzito mdogo kuliko hati ya mzigo iliyochakaa ya mwaka 1971 yenye namba ya gitaa.

Saini

Hapa ndipo penye udanganyifu mwingi kuliko pengine pote, kwa kuwa kalamu ni rahisi kuliko gitaa.

Anza na kalenda. Kitu kilichotiwa saini lazima kilikuwepo mwenye saini akiwa hai, na yeye awe mahali ambapo kingemfikia. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifariki tarehe 18 Septemba 1970, kwa hiyo jalada lolote lenye saini yake lililochapwa baada ya siku hiyo linajieleza. Mfano wa Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors, unahitaji jicho kali zaidi. Alihamia Paris Machi 1971, albamu ya bendi yake, L.A. Woman, ikatoka Marekani Aprili, naye akafa tarehe 3 Julai. Nakala yenye saini yake haijavunja sheria ya maumbile, lakini dirisha ni jembamba mno, na anayeiuza bila kueleza ilimfikiaje Paris hastahili hata swali la pili. Fanya hivyohivyo kwa kalamu: maka za Sharpie zilianza kuuzwa mwaka 1964, basi saini ya maka hiyo kwenye programu inayodaiwa kusainiwa ukumbini mwaka 1963 imejihukumu yenyewe.

Kisha chukua kioo cha kukuza mara 10 hadi 30. Mkono unaoandika jina lake mwenyewe huenda haraka: mstari hunenepa na kukonda, huanza kabla kalamu haijatua vizuri na huisha kwa mkia. Mkono unaoiga huchora. Utaona mistari ya unene mmoja, mtetemo mdogo kwenye mapindo, kalamu kuinuliwa katikati ya herufi ambayo mwenyewe haiinui, na ncha butu mwanzo na mwisho. Mashine ya kutia saini nayo huacha unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila nakala hulingana na mwenzake ukiziweka moja juu ya nyingine. Hakuna binadamu anayesaini sawasawa mara mbili. Mwaka 2022 vitabu vya Bob Dylan vilivyouzwa dola 599 kimoja vikiwa "vimesainiwa kwa mkono" viligunduliwa kuwa vya mashine, baada ya mashabiki kuweka picha za nakala zao pamoja na kuona kwamba saini zimefanana mno. Mchapishaji alirudisha fedha.

Kuna aina ya tatu inayochanganya: saini bandia za wakati uleule. Wasaidizi wa Beatles, Neil Aspinall na Mal Evans, walisaini majina ya wote wanne kwa niaba yao, maana maombi yalikuwa mengi kuliko mikono. Karatasi ni ya kweli, wino ni wa kweli, shabiki aliyeipokea mwaka 1964 anasema kweli kwamba aliipata nyuma ya jukwaa. Saini ndizo zisizo zao. Hadithi nzuri ya familia haiwezi kutatua hili. Kinachotatua ni kulinganisha na sampuli za mwaka uleule, kwa sababu mwandiko wa msanii wa 1962 na wa 1969 hutofautiana sana. Ukiona majina yote manne yana mlalo mmoja na shinikizo moja la kalamu, acha.

Cheti cha uhalisi kilichotolewa na muuzaji mwenyewe hakina thamani zaidi ya neno lake. Vyeti vya wakaguzi wa nje kama PSA, JSA na Beckett vina namba. Iingize namba hiyo kwenye tovuti yao na uhakikishe picha iliyopo huko ni ya kitu hikihiki, kwa kuwa stika nazo hughushiwa na kuhamishwa. Na hata wakaguzi hutoa maoni, hawatoi hukumu.

Mabango, tiketi, santuri na fulana

Kwa bajeti ya kawaida huku ndiko kwenye raha, na huku ndiko ujuzi unapolipa haraka.

Bango la tamasha lina thamani likiwa la chapa ya kwanza, lililochapwa kabla ya tamasha ili kulitangaza. Chapa za pili na tatu zilifanywa baadaye ili ziuzwe, wakati mwingine na mchapaji yuleyule kwa wino uleule. Tofauti huwa ndogo: unene wa karatasi, vipimo vinavyopishana kwa milimita chache, anwani au namba iliyoongezwa pembeni. Pima kwa rula ya chuma na ulinganishe na orodha za wakusanyaji wa mfululizo huo. Nakala ya kisasa hujulikana kwa kioo cha kukuza: kwenye sehemu ambayo ya asili ina rangi iliyojaa moja kwa moja, nakala ina vidoa vya uchapaji, kwa kuwa imepigwa picha kutoka kwenye bango jingine. Taa ya urujuanimno nayo husaidia. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa za kung'arisha zinazowaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo. Bango la mapema miaka ya 1950 likiwaka namna hiyo, lishuku. Kwa miaka ya 1960 kipimo hiki pekee hakitoshi, kwa kuwa karatasi zenye dawa hizo zilishaanza kutumika.

Matundu ya pini kwenye pembe hupunguza daraja kidogo tu, na wakusanyaji wengi huyapenda. Bango lililopunguzwa kingo kwa mkasi lipite. Bango la kadibodi la Beatles kwa onyesho la Shea Stadium, tarehe 23 Agosti 1966, liliuzwa na nyumba ya mnada ya Heritage mwaka 2022 kwa dola 275,000. Yaliyobaki ni machache kwa sababu yalibandikwa mitaani, na kilichobandikwa mitaani hakiishi.

Tiketi za Woodstock zinaonyesha upande wa pili. Tiketi ya siku tatu iliuzwa dola 18 kabla ya tamasha la Agosti 1969, uzio haukukamilika, watu wakaingia bure, na marundo ya tiketi yakabaki bila kuchanwa. Tukio ni maarufu mno, lakini tiketi nzima zimejaa sokoni hadi leo. Umaarufu wa tukio si uchache wa kitu. Kabla ya kutaja bei yoyote, uliza vilichapwa vingapi na kwa nini vingepotea.

Santuri zina uzuri mmoja: zinajieleza zenyewe. Kwenye eneo tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna maandishi yaliyokwaruzwa au kugongwa, na hayo ndiyo yanayoonyesha chapa. Lebo na jalada vinaweza kubadilishana kati ya nakala. Maandishi hayo hayawezi. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, chapa ya kwanza ya Uingereza ya 1969, ina maandishi ya rangi ya feruzi jaladani. Baadaye yakawa ya chungwa, na bei ikaachana mbali. Linganisha vyote viwili, jalada na maandishi ya ndani, maana jalada la feruzi lenye santuri ya baadaye ndani yake ni jambo la kawaida. Albamu nyeupe ya Beatles ya 1968 ilipigwa namba. Nakala nambari 0000001, iliyokuwa ya mpiga ngoma wao Ringo Starr, ilifika dola 790,000 mwaka 2015. Lakini namba zilitolewa nchi kwa nchi, kwa hiyo "namba ndogo" bila kutaja nchi haina maana.

Fulana: tazama mshono wa pindo la mikono yake na la chini. Mstari mmoja wa uzi ulikuwa wa kawaida Marekani hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha miwili ikatawala. Waigaji wanalijua hilo na wanashona mmoja, hivyo angalia pia lebo ya shingoni, uchakavu wake ukilingana na wa kitambaa. Mwaka uliochapwa kwenye mchoro ni wa haki za mchoro. Hautaji umri wa fulana.

Je, ni mali ya anayeuza?

Katika mifumo mingi ya sheria mwizi hana umiliki wa kukupa, hata kama wewe ulilipa kwa nia njema na mnada ulikuwa wa wazi. Gitaa la besi la Höfner la Paul McCartney wa Beatles liliibwa London mwaka 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwake. Mtu yeyote aliyelinunua katikati hapo alinunua hasara. Maneno ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono ni hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi msanii hakuyauza, yaliondoka tu na mwandishi au msaidizi. Kurasa za maneno ya wimbo Hotel California wa bendi ya Eagles zilizaa kesi ya jinai New York ambayo waendesha mashtaka waliifuta Machi 2024 ikiwa katikati. Don Henley, mmoja wa wanabendi hao, aliendelea kudai kuwa kurasa ni zake. Uliza kwa maandishi: kitu kimekaguliwa kwenye Art Loss Register, orodha ya vitu vya thamani vilivyoibwa au kupotea? Mkataba unarudisha fedha yangu akijitokeza mdai, na kwa muda gani? Jua pia kwamba karatasi ya maneno ikiwa yako, haki ya kuchapisha maneno hayo si yako.

Bei ipi ni bei

Tafuta mauzo matatu au manne ya kitu kinachofanana, yaliyokamilika, ndani ya miaka mitano. Neno "yaliyokamilika" lina sababu. Mwaka 2006 diski ya majaribio ya Velvet Underground ilifika dola 155,401 eBay. Dau la mwisho halikulipwa. Ilipouzwa tena mwezi huohuo ilipata 25,200.

Punguza uzito wa mauzo ya mkusanyo wa mtu mmoja maarufu. Kwenye mnada wa vitu vya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, Sotheby's London, Septemba 2023, kitana kidogo cha fedha cha masharubu kilichokadiriwa pauni 400 hadi 600 kiliondoka kwa pauni 152,400. Mnada ule ulivuta mashabiki wake. Siku kitana hicho kikirudi sokoni peke yake, kati ya loti, yaani vitu vinavyonadiwa, za watu wengine, hakuna anayeweza kuahidi mashabiki wale. Magitaa ya David Gilmour wa Pink Floyd, Christie's New York 2019, yalipata zaidi ya dola milioni 21 na fedha zikaenda kwa shirika la mazingira la ClientEarth. Minada ya hisani huchochea ukarimu, na ukarimu hauuziki tena. Kinyume chake, sweta ya Cobain ya onyesho lile la 1993 iliuzwa dola 137,500 mwaka 2015 na 334,000 mwaka 2019. Haikuoshwa, na madoa yake yanaonekana.

Makadirio ya katalogi ni chambo vilevile. Huwekwa chini ili kuvuta watu. Bei ya chini ya siri aliyoweka muuzaji kwa kawaida haizidi kadirio la chini, na hilo pekee ndilo la kukumbuka.

Hesabu kabla ya dau

Bei ya nyundo, yaani dau la mwisho nyundo inapogonga, siyo utakayolipa. Ada ya mnunuzi mara nyingi ni kati ya asilimia 20 na 30. Tuseme nyundo imegonga dola 4,000. Ada ya asilimia 26 ni 1,040, jumla 5,040. Umepiga dau kupitia jukwaa la mtandaoni linalotoza asilimia 3 ya nyundo: 120, sasa ni 5,160. Ufungaji, usafirishaji na bima 240: 5,400. Forodha ya nchi unakopokea, tuseme asilimia 20 ya jumla hiyo: 1,080. Umelipa 6,480 kwa kitu cha "elfu nne".

Fanya hesabu kinyume. Una dola 5,000 tu? Gawanya kwa 1.2 uondoe forodha: 4,167. Toa 240: 3,927. Gawanya kwa 1.29, yaani nyundo pamoja na ada mbili: takriban 3,044. Dau lako la mwisho ni 3,000, na liandikwe kwenye karatasi iliyo mezani. Viwango hubadilika kwa kila nyumba na kila nchi, hivyo soma masharti ya mnada huohuo.

Wiki moja kabla, omba ripoti ya hali ya kitu. Ni bure, na ndipo panapotajwa shingo iliyovunjika ikaungwa au jalada lililorudishiwa rangi. Jisajili siku tatu kabla, maana loti kubwa hudai barua ya benki au amana. Ukiacha dau la juu kwa maandishi, acha mapema: madau mawili yakilingana, lililotangulia hushinda. Minada ya mtandaoni yenye saa huongeza dakika kila dau linapoingia mwishoni, kwa hiyo ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho haufanyi kazi huko. Usianze kupiga dau mapema kwenye loti unayoitaka. Unampa mpinzani ushahidi kwamba kuna anayeitaka.

Baada ya nyundo

Lipa ndani ya muda uliotajwa, na uchukue mzigo wako haraka, kwani gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa baada ya siku chache. Gitaa la zamani likivuka mpaka, uliza mbao. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ni wa Dalbergia nigra ya Brazili, mti uliowekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1992. Bila kibali cha nchi linakotoka, forodha inaweza kulitaifisha. Msamaha wa 2019 kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika unahusu jamii nyingine za Dalbergia, si hiyo.

Safirisha gitaa likiwa na nyuzi zilizolegezwa kidogo na kichwa kikiwa kimeegemezwa pande zote ndani ya kasha. Hapo ndipo shingo hukatikia. Nyumbani liwe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Nguo ilazwe kwenye karatasi isiyo na asidi, isitundikwe, na isifuliwe kamwe. Bango na saini viwekewe kioo kinachozuia urujuanimno, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na visigusane na gundi wala selotepu. Saini za maka hufifia kwanza. Santuri zisimame wima, na mifuko ya PVC itupwe kwa kuwa huacha ukungu usiotoka kwenye plastiki.

Ukija kuuza, wasiliana na nyumba ya mnada miezi minne hadi sita kabla, ukiwa na faili lote la ushahidi. Jadili mambo manne kwa maandishi: kamisheni, ada ya picha na bima, gharama kitu kisipouzwa, na siku ya kulipwa, ambayo kwa kawaida huja mwezi mmoja au zaidi baada ya mnada. Bei ya chini ya siri uiweke chini ya vile unavyotamani. Loti iliyokosa mnunuzi hubaki kwenye rekodi za mtandaoni, na mnunuzi wa mwaka unaofuata ataiona kabla hajakuona wewe. Likitokea hilo, kaa na kitu hicho miaka miwili au mitatu kabla ya kukirudisha, na ukipeleke nyumba nyingine.